Meza ya Montfrelan

"Vitu mia nne na kumi na mbili," Suud alisema, akaziweka karatasi juu ya benchi la kazi. "Nimevitafsiri vyote kwa simu, nikavisoma mara mbili. Vitanda, vioo, mapazia, hata ndoo za jikoni wameziandika. Meza yetu haimo."

Nyamizi alijifuta mikono kwenye aproni, akazichukua. Zilikuwa za Kifaransa, zimepigwa taipu zamani, na mtu wa maktaba ya mji mdogo huko Ufaransa alikuwa amezipiga picha na kuzituma. Kifaransa hakukijua. Lakini juu ya ukurasa wa kwanza aliona jina ambalo kwa wiki tano sasa alikuwa amelizoea kama jina la mtaa wao kule Tabora: Montfrelan.

"Una hakika ni orodha ya mnada wenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Nyumba iliuzwa mwaka wa sabini na sita, na kila kilichokuwamo kikanadiwa kwa siku tatu. Nyumbani hadithi hii inasimuliwa kila mgeni akija. Babaangu kijana, kavaa suti, kasimama katikati ya Wafaransa kwenye kasri la shamba, kanyanyua mkono mara moja tu, meza ikawa yake. Nnaisikia tangu nna miaka minne."

"Na haimo."

"Haimo."

Nje, malori yalikuwa yakipita kuelekea kwenye maghala ya Rusayl, pembezoni mwa Muscat, na vumbi lilikuwa limesimama hewani kama halina pa kwenda. Ndani ya karakana kipoza hewa kilinguruma. Ochieng, Mkenya aliyekuwa fundi wa rangi, alichungulia kutoka chumba cha kupulizia vanishi, akamwona mgeni, akatabasamu.

"Leo ni Jumamosi, si nilijua tu atakuja," alisema kwa sauti ya kusikika, kisha akafunga mlango.

Nyamizi alijifanya hakusikia. Suud naye alijifanya anakagua vifaa vya benchi. Ukweli ni kwamba mguu mmoja wa meza hauhitaji kukaguliwa kila Jumamosi. Wiki tano zilizopita, wakati nyumba yao ya Bawshar ilipokuwa ikipakwa rangi, wachukuzi waliiangusha meza na mguu wa nyuma ukang'oka. Suud aliileta hapa akitarajia kupokewa na mwanamume mwenye ndevu. Akapokewa na mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, mwenye penseli nyuma ya sikio, aliyepiga magoti bila kumsalimia vizuri, akaupitisha mkono chini ya meza na kusema, "Huyu amesafiri sana." Suud, mhandisi wa mitambo ya maji, mtu aliyeachana na mkewe miaka minne iliyopita na kuapa kwamba hataki tena maneno ya ndoa, alirudi nyumbani siku ile akiwa na maswali mengi kuliko aliyokuja nayo, na si yote yalihusu meza.

Jumamosi iliyopita alikuwa amemwambia waziwazi kwamba anataka kumwoa. Nyamizi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimwambia akaongee na mama yake kwanza, maana mkataba wake wa kazi unaisha mwisho wa mwezi, na yeye hataki kubaki Muscat kwa jambo lisilo na mwenyewe.

Sasa alizikunja zile karatasi, akauliza bila kumtazama, "Umeongea na mama?"

"Nimeongea."

"Akasemaje?"

Suud aliuchukua mpini wa patasi, akaugeuzageuza.

"Niambie tu, Suud. Mimi si mtoto."

"Kasema, watu wakimuuliza mkwe wake binti wa nani, atawajibu nini? Fundi vitanda wa Tabora? Kisha kanikumbusha kuwa Bi Hajar, mke wa kaka yake, ana binti."

"Baba yangu anatengeneza vitanda vizuri," Nyamizi alisema taratibu. "Mtu analalia kitanda chake mpaka anazeeka nacho."

"Nnajua. Mimi sijakubali, Nyamizi. Nimemwambia ntarudi kuongea naye. Lakini hili la orodha limenivuruga. Kama babaangu hakuinunua mnadani, kaipataje?"

"Unafikiri aliiba?"

"Sijasema hivyo."

"Mdomo haujasema. Uso umesema."

Walitazamana. Macho ya Suud yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na Nyamizi, aliyekuwa amepanga kuwa mkali leo, alijikuta anamhurumia. Marehemu Mzee Nassor alikuwa amefariki miaka sita sasa, na mwanawe bado akimtaja sauti yake hubadilika.

"Njoo," alimwambia. "Tuiulize meza yenyewe. Karatasi zimeandikwa na watu wenye haraka ya kuuza."

Meza ilikuwa katikati ya chumba, juu ya blanketi. Ilikuwa ndogo, meza ya kuandikia ya mwanamke, yenye miguu myembamba iliyopinda kidogo kama ya mbuzi, na juu yake safu ya visanduku vidogo vya kuvuta, ambavyo Suud na mama yake waliviita watoto wa meza. Mbele ilikuwa imenakshiwa kikapu cha maua kwa vipande vyembamba vya miti ya rangi mbalimbali. Chini yake tayari walikuwa wamekuta mambo mawili: muhuri wa fundi wa kwanza, uliogongwa kwenye mbao zaidi ya miaka mia mbili na nusu iliyopita, na karatasi ndogo ya njano iliyobandikwa na watu wa lile kasri. Suud alikuwa ameyatafsiri kwa simu yale maneno yaliyoandikwa kwa wino: *Chumba cha buluu, upande wa bustani. Namba 31.*

Tangu siku ile walikuwa wakikiwaza chumba hicho. Nani alikaa hapo, alimwandikia nani, alikuwa anaona maua gani dirishani. Nyamizi, ambaye Muscat aliingia kama mfanyakazi wa ndani na miaka miwili ya kwanza alikuwa akifuta vumbi kwenye viti asivyoruhusiwa kuvikalia, alipenda kuuliza jambo jingine: nani alikuwa akiifuta?

"Huu mguu uliovunjika," alianza walipokaa chini, akauinua kwenye mwanga, "ushike. Sasa shika huu mwingine. Unahisi nini?"

"Ulaini ni tofauti."

"Tofauti. Mti ni ule ule, lakini huu ni mpya zaidi. Uliwahi kuvunjika kabla, mtu akachonga mwingine mzima. Amefanya vizuri mno, wiki tano nimedanganyika. Ila leo asubuhi nilipousafisha sehemu ya kuchomekea, nikaona hii." Alimwonyesha mikato midogo ya patasi. "Mimi nikikata, mikato inalalia huku. Ya huyu inalalia kule. Fundi huyu alikuwa anatumia mkono wa kushoto."

Suud aliuachia mguu ukamwangukia mapajani.

"Nini?"

"Babaangu alikuwa shoto," alisema. "Bibi alimfunga mkono kwa kitambaa ili ale kwa kulia. Kula alijifunza. Lakini msumari akigongea kushoto, hata taa akibadilisha kwa kushoto."

Nyamizi alivuta watoto wa meza wote sita, akawapanga sakafuni kwa mfuatano, akaingiza kisu chembamba nyuma ya ubao uliokuwa umefunika mgongo wa visanduku. Ubao huo hakuwa ameugusa, kwa sababu haukuwa umevunjika. Gundi yake ilikuwa kavu. Ulilia kidogo, ukatoka.

"Mwanga," alisema.

Suud aliwasha tochi ya simu. Upande wa ndani wa ubao, kwa penseli, kulikuwa na maandishi ya herufi za Kiarabu, mistari mitano, yamenyooka kama ya mtu aliyepimia rula.

"Mimi nilisoma madrasa, lakini haya siyaelewi," Nyamizi alisema.

"Kwa sababu si Kiarabu." Sauti ya Suud ilikuwa ndogo. "Ni Kiswahili. Baba aliandika Kiswahili kwa herufi hizi."

Alisoma polepole, akirudi nyuma kila neno lilipomkwama:

"*Bismillahi. Mimi Nassor bin Khalfan nimeitengeneza meza hii miezi saba, hapa Montfrelan, katika karakana ya Bwana Édouard. Mguu wa nyuma nimeuchonga upya. Bwana kanipa meza kwa kazi yangu na kwa hiari yake, kabla nyumba haijauzwa. Nataka nimpelekee Masouda. Kama yuko tayari kunisubiri.*"

Nyamizi alifunika mdomo kwa mkono. Masouda lilikuwa jina la mama yake Suud.

"Hakuiba," Suud alisema. Akacheka, machozi yakamlengalenga. "Nyamizi, hakuiba! Usiku mzima nimekaa nikifikiri..." Alisimama, akazunguka karakana, akarudi. Akaikazia macho ile mistari, na kicheko kikamwisha taratibu. "Suti ile. Mnada. Yote maneno tu. Kumbe alikuwa fundi tu."

Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Nyamizi. Alikiweka chini.

"Tu?"

"Eh?"

"Umesema fundi tu."

Suud alilisikia neno lake mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Sikukusudia, wallahi."

"Najua hukukusudia. Ndiyo maana limeniuma. Ungelikusudia, ningekujibu tukayamaliza."

"Nimeshtuka, Nyamizi. Mtu nimekua na hadithi moja maisha yangu yote..."

"Na mimi? Wiki tano unakaa hapo unaniuliza hii ni gundi gani, hii ni shaba au dhahabu, unanitazama kama vile mikono yangu ina kitu. Nikadhani unaiheshimu kazi. Kumbe ulikuwa unaifurahia kwa sababu ni ya mtu mwingine. Ikigusa ukoo wako, inakuwa *tu*."

"Usinihukumu kwa neno moja."

"Mama yako alitumia mengi, angalau alisema wazi." Aliuweka ubao juu ya meza kwa upole, kama anamlaza mtoto. "Nenda nyumbani, Suud. Kazi ya meza imebaki siku tatu. Ochieng ataileta meza Bawshar. Mimi mwisho wa mwezi nakwenda kwetu."

"Nyamizi."

"Nenda."

Suud aliupiga picha ule ubao kwa simu, akatoka. Nyamizi aliusikia mlango wa gari, akasubiri lipotelee mbali, ndipo akakaa chini katikati ya wale watoto wa meza sita na kulia bila sauti.

* * *

Bi Masouda alikuwa jikoni, anamimina kahawa kwenye birika, mwanawe alipoingia bila hata kuvua miwani ya jua. Alikuwa mwanamke wa miaka karibu sabini, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuamrisha na magoti mabovu.

"Vipi, umekwenda tena huko Rusayl?"

"Mama, baba alikuwa fundi?"

Birika halikutikisika. Bi Masouda alimaliza kumimina, akafunika, akalifuta kwa kitambaa.

"Nani kakwambia?"

"Kwa hivyo ulijua."

"Nnajua kabla hujazaliwa wewe. Kaa kitako."

Suud alikaa. Mama yake alivuta kiti cha pili kwa tabu, akaketi mbele yake.

"Babaako aliondoka na meli ya mizigo, kazi yake kupaka rangi na kupangusa sitaha. Akashukia Ufaransa, akaumwa, meli ikamuwacha. Mzee mmoja mwenye nyumba kubwa ya shamba akamchukua, maana alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia kutengeneza vyombo vya mbao vya wazee wake. Miaka mitatu kakaa huko. Aliporudi Muscat na meza yake, alikuja kuniposa. Kaka yangu akamuuliza, *umesomea nini Ulaya?* Nassor akajibu, *ufundi wa mbao*. Kaka akasema, hatumpi dada yetu fundi."

"Na wewe?"

"Mimi? Nlikuwa na miaka ishirini na mbili, na nlikuwa namtaka." Alisema bila haya, kama anayetaja bei ya samaki. "Nkawaambia jamaa zangu kuwa kachanganya maneno, kuwa alikwenda kusoma, kuwa meza kainunua kwenye mnada wa mabwana. Suti nlimshonesha mimi, kapiga picha hapa hapa Matrah. Wakaamini. Wakanioza."

"Na yeye akakubali?"

"Alikubali kwa ajili yangu. Lakini hata siku moja hakuisema hadithi ile kwa mdomo wake. Kila nkianza kuwahadithia wageni ule mnada, yeye hutoka kwenda kumwagia miti maji. Hukumbuki?"

Suud alikumbuka. Alimwona baba yake na mpira wa maji uani, jua la saa nane, mti ambao tayari ulikuwa umemwagiwa.

"Nlimnyang'anya kazi yake, Suud. Alipata kazi wizarani, kavaa dishdasha nyeupe kila siku, na hakushika tena patasi. Nlijiambia nimemstiri." Alikinyoosha kitambaa mezani. "Sasa na wewe umenikasirikia?"

"Nimekasirika na mimi mwenyewe," Suud alisema. "Nlipojua, nimesema *fundi tu*. Mbele yake."

"Mbele ya yule Nyamizi?"

"Mbele yake."

Bi Masouda alimtazama mwanawe kwa muda. Pengine alitafuta neno la kusema kwamba ni kheri, kwamba jambo limejimaliza lenyewe. Hakulitoa.

"Na nyinyi mmejuaje?" aliuliza.

Suud aliifungua simu, akampa. "Kaandika ndani ya meza. Jina lako limo."

Bi Masouda aliiweka simu mbali, kisha karibu, kisha mbali tena. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alipofika mwisho alirudia mwanzo. Halafu aliinuka ghafla, akasahau magoti yake, akashika ukingo wa meza ya jikoni.

"Niletee abaya yangu. Nipeleke."

"Sasa hivi, mama?"

"Miaka arubaini na sita nimeweka shanga zangu kwenye meza ile. Sasa hivi."

* * *

Ilikuwa imebaki saa moja karakana ifungwe. Nyamizi alikuwa anachanganya gundi aliposikia mlango, akamwona Suud, akageuza uso. Kisha akamwona mama mzima nyuma yake, anapumua kwa nguvu, amejifunga mtandio mweusi.

"Assalamu aleikum," Bi Masouda alisema.

"Wa aleikum salaam. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe."

Nyamizi hakuuliza nini. Aliuleta ule ubao kwa mikono miwili, akamvutia kiti chenye mto. Bi Masouda aliupokea, akaupakata, na kwa kidole akaifuata mistari bila kuigusa. Alipofika kwenye jina lake, alisimamisha kidole hapo.

"*Kama yuko tayari kunisubiri*," alisoma. "Mjinga huyu. Nlikuwa nimeshasubiri miaka mitatu." Akaanza kulia, kilio cha wazi cha mtu mzima, na Nyamizi akapiga magoti kando yake akamshika mkono, kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu zaidi.

Suud alisimama mlangoni. Ochieng alitoka chumba cha vanishi, akaona, akarudi ndani kimya kimya.

"Mguu huu alioutengeneza," Bi Masouda aliuliza baadaye, akijipangusa, "ni kazi nzuri?"

"Ni nzuri sana, mama. Mimi mwenyewe nisingeweza kufikia hapo. Fundi aliyeufanya hakuwa mtu wa kawaida."

"Hakuna aliyemwambia hivyo. Hata mimi."

Simu ya Bi Masouda ililia. Aliitazama, akaipokea, akaiweka sikioni.

"Aleikum salaam, Hajar... La, siko nyumbani. Niko Rusayl, kwa fundi... Nimekuja mwenyewe... Hajar, nisikilize. Ile meza haikununuliwa mnadani. Nassor aliitengeneza kwa mikono yake, akapewa. Alikuwa fundi wa mbao... Ndiyo, mume wangu... Mwambie kaka, usimfiche. Mwambie nimesema mimi." Akasikiliza kidogo. "Na lile la binti, mtafutieni mwengine, Mungu atampa. Suud ana wake."

Alikata simu. Suud alilisogelea benchi, akasimama hatua mbili kutoka kwa Nyamizi.

"Neno nililolisema," alianza, "sina la kulifuta. Nimekaa nikifikiria njia nzima. Nlikuwa namwonea haya mtu ambaye nampenda kuliko wote, kwa jambo ambalo yeye ndilo alilolipenda zaidi. Na nikakuumiza wewe. Nisamehe. Ukisema niondoke, ntaondoka, ila sitaki uondoke na lile neno."

Nyamizi alikuwa ameapa mchana ule kwamba hatalia mbele ya mtu. Macho yalimsaliti.

"Nitakwenda kwetu mwisho wa mwezi," alisema.

Suud aliinamisha kichwa. "Sawa."

"Bado sijamaliza. Nitakwenda, kwa sababu lazima nikamwambie baba. Na yeye hapokei barua wala simu kwa mambo haya. Kwetu anayetaka kuoa anakuja, na watu wake wanakuja, wanakaa mkekani wanasema wanataka nini. Na baba atakuuliza unajua kufanya nini kwa mikono yako. Ujipange."

Ilimchukua Suud muda kuelewa. Alipoelewa, alibaki anatabasamu kama mjinga.

Bi Masouda aliinua macho kutoka kwenye ubao.

"Hiyo Tabora," aliuliza, "kutoka Dar es Salaam ni mbali?"

"Kwa basi ni siku nzima, mama. Ndege ipo, ila si kila siku."

"Na mkekani mnakaa kwa muda gani?"

"Wazee wakianza kuongea, inaweza kuwa mpaka alasiri."

Bi Masouda aliyatazama magoti yake, moja baada ya jingine, akashusha pumzi ndefu.

"Basi mtanivuta kuniinua," alisema. "Wawili, mmoja kila upande."